Mshtuko wa Moyo, na Jinsi ya Kumwokoa Mgonjwa



Leo nataka kusema nanyi juu ya ugonjwa uitwao mshtuko wa moyo. Ugonjwa huu hauambukizi. Hauletwi na mbu wala na maji machafu, tena hauna homa ya kumwonya mtu siku mbili tatu kabla ya kumwangusha. Mtu huamka mzima, akaenda shambani kwake, na kabla jua halijafika utosini amekwisha kufa. Watu hukusanyika, na kila mmoja hutoa sababu yake. Huyu asema, "Ni presha." Yule asema, "Ametupiwa kitu." Wa tatu asema, "Siku zake zimekwisha." Nami sitaki kubishana na mtu juu ya siku za binadamu, maana hizo zimo mikononi mwa Mungu. Neno langu ni hili tu: katika hao wanaokufa hivyo wako ambao wangaliokoka, kama wao wenyewe au jamaa zao wangalizijua dalili na kutenda upesi. Kwa hiyo nawaomba mnisikilize kwa makini, kwani maarifa haya hayahitaji fedha, nayo yaweza kukaa katika kichwa cha mtoto wa shule.

Kwanza yafaa tujue moyo ni kitu gani. Moyo ni msuli. Ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe, nao umekaa katikati ya kifua, umeelekea kidogo upande wa kushoto. Kazi yake ni kusukuma damu iende mwilini mwote. Katika mtu mzima aliyetulia hupiga kadiri ya mara 70 kwa dakika, yaani kama mara 100,000 kwa siku moja, na kila dakika husukuma kadiri ya lita 5 za damu. Mkono wa mkulima hupumzika anaposimama na kuegemea mpini wa jembe. Miguu hupumzika mtu akiketi. Moyo haupati likizo ya namna hiyo tangu mtoto akiwa tumboni mwa mama yake mpaka siku ya kufa.

Basi msuli unaofanya kazi hivyo sharti ulishwe. Watu wengi hudhani kwamba moyo hujilisha kwa damu iliyomo ndani yake. Sivyo. Ni kama mtu anayekaa kando ya Ziwa Singidani: maji tele mbele ya macho yake, lakini ni ya chumvi, naye sharti aende kisimani apate ya kunywa. Moyo nao, ingawa umejaa damu, hulishwa na mishipa yake wenyewe, iliyo myembamba, iliyouzunguka kwa nje. Mishipa hiyo ikiwa mizima, moyo hupata chakula na hewa safi iliyomo katika damu. Ikiziba, moyo hufa njaa.

Kuziba kwenyewe huanza zamani sana kabla ya siku ya msiba. Kwa miaka mingi mafuta hujishika katika kuta za mishipa ndani, pole pole, kama kutu katika bomba, na mwenyewe hasikii neno. Halafu siku moja ule utando wa mafuta hupasuka, damu huganda mahali pale, na bonge la damu huifunga njia. Sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule huanza kufa katika muda wa nusu saa hivi, na kufa huko huenea saa baada ya saa. Msuli wa moyo uliokufa hauoti tena; mahali pake hubaki kovu tu. Shikeni sana jambo hili, maana ndilo mzizi wa yote nitakayosema: kila dakika inayopita ni sehemu ya moyo inayopotea.

Hapa sina budi kutenganisha mambo ambayo watu huyachanganya. Presha ni nguvu ya damu kupita kiasi ndani ya mishipa. Nayo si mshtuko wa moyo, bali ni mmoja wa wazazi wake. Kiharusi ni ugonjwa wa mishipa ya ubongo: uso huenda upande, mkono na mguu hulegea, na maneno huharibika. Moyo kushindwa kazi ni moyo uliodhoofika, na mwenye ugonjwa huo huvimba miguu, tena hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Na moyo kusimama ni kuacha kupiga kabisa: mtu huanguka, hajitambui, hapumui. Mshtuko wa moyo waweza kuleta huko kusimama kwa moyo, lakini si kitu kimoja. Mwenye mshtuko wa moyo aghalabu yu macho, anasema, aweza hata kutembea, na kwa sababu hiyo watu humdharau, wakamwambia, "Lala kidogo, utapoa."

Huenda mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, huu si ugonjwa wa Wazungu na matajiri wa mjini? Sisi Wanyaturu na Wanyiramba, walaji wa uwele na mtama, unatuhusu nini?" Swali hili ni jema, nalo lina historia yake. Mwaka 1929 daktari mmoja aitwaye Donnison, aliyefanya kazi magharibi ya Kenya, aliandika kwamba presha ya wenyeji wa huko haikupanda kwa umri kama ilivyopanda Ulaya. Na mwaka 1959 madaktari Shaper na Jones waliandika habari za Kampala, ambako ugonjwa wa mishipa ya moyo ulionekana kwa Wahindi, lakini kwa Waafrika ulikuwa nadra sana. Kwa habari kama hizo watu wengi, hata madaktari, walishika fikira kwamba mwili wa Mwafrika umekingwa.

Walakini kinga ile haikuwa katika damu wala katika rangi. Ilikuwa katika maisha: chakula cha shamba, chumvi chache, kazi ya mikono, na safari za miguu. Maisha yamebadilika, na kinga imekwenda pamoja nayo. Mwaka 2004 ilitolewa habari ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi 52, nchi za Afrika zikiwamo, nao ulionyesha kwamba mambo tisa yaeleza zaidi ya sehemu tisa katika kumi za hatari ya mshtuko wa moyo: tumbaku, mafuta mabaya katika damu, presha, kisukari, unene wa tumbo, masumbuko ya moyo na akili, kukosa mboga na matunda, unywaji wa pombe, na kukaa bila kuutumikisha mwili. Mambo hayo hayamwulizi mtu kabila lake.

Tena wachunguzi waliofanya kazi katika hospitali ya KCMC mjini Moshi mwaka 2019 waliwapima wagonjwa waliofika kwa maumivu ya kifua au kwa kukosa pumzi. Waliona kwamba wengi waliokuwa na mshtuko wa moyo hawakutambuliwa. Ugonjwa wao ulipewa jina jingine. Basi ugonjwa huu uko kwetu, illa hujificha nyuma ya majina ya magonjwa tuliyoyazoea.

Sasa tuzitazame dalili zake. Dalili kuu ni maumivu katikati ya kifua. Lakini wagonjwa wengi hawasemi "naumwa", husema, "nimebanwa," au "kama gunia la vitunguu limewekwa juu ya kifua changu." Kubanwa huko hukaa zaidi ya dakika chache, wala hakuondoki mtu akipumzika. Mara nyingi maumivu hutambaa kwenda mkono wa kushoto, au mikono yote miwili, au shingoni, au katika taya, au mgongoni kati ya mabega, au sehemu ya juu ya tumbo. Pamoja nayo huja jasho jembamba la baridi, hata kama hakuna joto. Pumzi huwa fupi. Moyo huchafuka, pengine mtu hutapika. Kichwa huwa chepesi, na hofu kubwa humshika, kama mtu aliyeambiwa kwamba kifo kimefika mlangoni.

Si kila mgonjwa huwa na dalili hizi zote. Wanawake, wazee sana, na wenye kisukari pengine hawapati maumivu makali ya kifua. Wao hupata uchovu wa ghafula usio na sababu, au kukosa pumzi, au kichefuchefu, au maumivu ya taya na mgongo tu. Mama wa makamo mwenye kisukari, aliyekuwa akitwanga vizuri jana, na leo hawezi kubeba ndoo kutoka mlangoni hadi jikoni bila kuhema na kutoka jasho, asiambiwe ni mvivu wala ni uzee. Apelekwe akapimwe.

Yako pia maonyo yanayokuja siku au wiki kadha kabla. Mtu akipanda mlima au kubeba mzigo husikia kubanwa kifuani. Akisimama kupumzika dakika chache huona nafuu. Watu hulipuuza onyo hili kwa sababu huondoka lenyewe. Huyo ni mshipa uliokwisha kuwa mwembamba, unapiga hodi. Mtu wa namna hiyo asingoje. Aende hospitali angali akitembea kwa miguu yake.

Najua mtaniuliza, "Twawezaje kulitenga jambo hili na kichomi au kiungulia?" Kichomi huchoma kama mwiba, mahali pamoja, na huzidi mgonjwa akivuta pumzi au akikohoa; aghalabu huja pamoja na homa. Kiungulia huwaka kama moto kutoka tumboni kupanda kooni, huja baada ya kula au mtu akiinama, na mdomo huwa mchungu. Maumivu ya msuli au ya mbavu huzidi ukipabonyeza mahali pale kwa kidole, au ukiupindua mwili. Maumivu ya moyo hayafuati pumzi, wala hayajali kidole. Hukandamiza, na mgonjwa akiulizwa mahali, aghalabu haonyeshi kwa kidole kimoja bali kwa ngumi au kiganja kizima. Hizo ndizo alama za kusaidia. Lakini nasema waziwazi kwamba hata daktari hawezi kukata shauri kwa alama hizo peke yake. Kwa hiyo kanuni ya mtu wa kawaida iwe hii: mtu mzima aliyebanwa kifua kwa zaidi ya dakika kumi, hasa akitoka jasho au akikosa pumzi, ahesabiwe kuwa ni mgonjwa wa moyo mpaka kipimo kikatae. Ikionekana baadaye kwamba kilikuwa kiungulia, hasara ni nauli. Lakini tukidhani ni kiungulia, kumbe ni moyo, hasara haina malipo.

Tufanye mfano. Mkulima mwenye miaka hamsini na mitano, mvuta sigara, anapakia alizeti katika gari alfajiri. Mara akaketi chini, mkono u juu ya kifua. Mke wake amwuliza, "Mzee, una nini?" Naye ajibu, "Ni kiungulia tu, mama. Nipe maziwa." Akanywa maziwa, akatapika. Jirani akaleta dawa ya mizizi. Mwingine akaleta vidonge vya maumivu. Ikafika adhuhuri, ikafika alasiri, ndipo wakatafuta pikipiki. Katika mfano huu hakuna mtu mbaya hata mmoja. Wote walimpenda, na kila mmoja alitoa alichokuwa nacho. Lakini saa nane zilipotea kwa upendo usio na maarifa, na moyo haukuwangoja.

Ingalifaa watende nini? Nitataja mambo kwa taratibu, nanyi yawekeni moyoni.

Jambo la kwanza, mgonjwa aache kazi mara moja na kuketi, ameegemea kitu, magoti yamekunjwa kidogo, nguo zilizobana zimelegezwa. Asitembee, wala asiendeshe baiskeli au pikipiki mwenyewe, maana kila hatua yautaka moyo kazi usiyoiweza.

Jambo la pili, saa ile ile mtu mwingine atafute chombo cha kumpeleka. Gari ni bora. Kama hakuna ila bodaboda, mtu mwenye nguvu akae nyuma yake amshike. Wasingoje kaka mkubwa arudi mnadani ndipo atoe shauri.

Jambo la tatu ni aspirini. Kama mgonjwa yu macho na aweza kumeza, apewe aspirini ya miligramu 300, aitafune, asiimeze nzima, ili iingie upesi katika damu. Kama vidonge ni vidogo, vya miligramu 75, apewe vinne. Aspirini haifanyi kazi hapa kama dawa ya maumivu. Kazi yake ni kuizuia damu isizidi kuganda. Mwaka 1988 zilitangazwa habari za wagonjwa zaidi ya 17,000 wa mshtuko wa moyo waliofuatwa katika nchi nyingi, nazo zilionyesha kwamba aspirini peke yake ilipunguza vifo kwa zaidi ya sehemu moja katika tano. Dawa ya bei ndogo kuliko kipande cha sabuni! Lakini asipewe mtu ambaye aspirini humdhuru, wala mwenye vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, wala mwenye dalili za kiharusi nilizozitaja. Tena msidanganyike na vidonge vingine: parasetamo haifanyi kazi hii, na diklofenaki yaweza kumzidishia hatari. Kama hamna hakika, msipoteze muda kubishana. Mpelekeni, aspirini ataipata huko.

Jambo la nne, asipewe pombe, wala chakula kingi, wala dawa za kutapisha au kuharisha. Sisemi haya kwa kuwadharau wazee wetu wenye kujua miti. Nasema kwamba bonge la damu lililo katika mshipa wa moyo halitoki kwa kutapika.

Sasa tumfuate mgonjwa mpaka hospitalini, tuone afanyiwalo, maana mwenye kujua kazi ya daktari haogopi wala hakawii. Daktari atauliza maumivu yalianza saa ngapi. Mwambieni saa ya kweli, maana dawa nyingine hutegemea saa hiyo. Kisha atapima umeme wa moyo. Kila pigo la moyo hutokana na umeme kidogo sana, na mashine huuandika umeme huo katika karatasi kama mistari ya milima na mabonde. Kazi hii ilianzishwa na Mholanzi Willem Einthoven, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1924. Waya hubandikwa kifuani, mikononi na miguuni. Hakuna maumivu, wala umeme hautiwi mwilini bali husomwa tu. Kipimo hiki sharti kifanywe katika dakika kumi za kwanza tangu mgonjwa kuingia. Kikionekana kizuri na maumivu yangaliko, hurudiwa, kwa sababu kipimo cha kwanza pengine husema "salama" wakati hakuna salama.

Kipimo cha pili ni cha damu. Msuli wa moyo ukifa, hutoa kitu kiitwacho troponini, nacho huonekana katika damu baada ya saa chache. Kwa hiyo mgonjwa aliyewahi kufika huenda akapimwa mara mbili, na hapo asinung'unike kwamba wanamnyonya damu yake bure.

Katika matibabu, shabaha ni moja: kuifungua njia iliyozibwa. Njia za kufanya hivyo ni mbili. Ya kwanza ni dawa ya kuyeyusha bonge la damu, itiwayo katika mshipa wa mkono. Hufaa zaidi katika saa tatu za kwanza, na baada ya saa 12 faida yake huwa ndogo mno. Ya pili ni kupenyeza mrija mwembamba katika mshipa wa kifundo cha mkono au wa kinena, ukapita hata ukafika katika moyo; kisha kipira kidogo hujazwa mahali palipoziba, njia ikafunguka, na kikopo cha waya huachwa hapo kuishikilia. Mtu wa kwanza kufanya hivyo kwa mishipa ya moyo alikuwa daktari Andreas Grüntzig katika mji wa Zurich, mwaka 1977. Hapa Tanzania kazi hiyo hufanywa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Na Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma nayo hutibu maradhi ya moyo kwa mirija.

Hapa wasikilizaji wa Singida sharti tuhesabu njia yetu. Kutoka mjini Singida hadi Dodoma ni kadiri ya kilomita 240, na hadi Dar es Salaam ni kama 700. Njia ya mrija hufaa zaidi ikifanywa katika saa mbili za kwanza. Nani aliye Mkalama au Sepuka atakayefika Dodoma katika saa mbili, barabara ikiwa ya udongo na mvua imenyesha? Kwa hiyo kwetu sisi mlango wa kwanza ni hospitali ya karibu yenye mashine ya umeme wa moyo. Huko apate aspirini, apate kipimo, apate dawa ya kuyeyusha damu kama ipo na kama inamfaa, kisha wamwandikie kwenda mbele. Umbali wa njia usitukatishe tamaa. Bali utufundishe kwamba dakika tusizoweza kuzipunguza barabarani, sharti tuzipunguze nyumbani.

Je, moyo ukisimama kabla hamjafika? Mgonjwa ameanguka, hajibu akiitwa, hapumui, au ahema kwa kwikwi mara moja moja. Msikimbilie kummwagia maji. Mlazeni chali mahali pagumu. Piga magoti kando yake, weka kisigino cha kiganja kimoja katikati ya kifua, juu ya mfupa, na kiganja cha pili juu yake. Nyosha mikono yako, ukandamize kwa nguvu, kifua kibonyee kadiri ya sentimita tano, kisha ukiachie kirudi juu. Fanya hivyo karibu mara mbili kwa kila sekunde, yaani mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha. Baada ya dakika mbili mwingine apokee, kama wapokezanavyo watwangaji kinuni. Maarifa haya yalitangazwa mwaka 1960 na madaktari wa Baltimore, Marekani, nayo yamewarudisha watu wengi. Si kila mara yafaulu. Lakini asiyekandamizwa kifua hana tumaini lolote. Wanafunzi, ninyi wenye miaka kumi na minne na zaidi, mna nguvu za kutosha kufanya kazi hii. Mwombeni mganga wa zahanati aje shuleni awaonyeshe.

Tumchukue sasa mgonjwa aliyepona, akarudi nyumbani. Huyu yumo hatarini mara ya pili, kwa kuwa mishipa yake mingine ni ya umri ule ule. Atapewa aspirini ya kila siku, dawa ya kupunguza mafuta katika damu, na dawa za kuupunguzia moyo kazi. Nasikia wengi wakisema, "Sasa nimepona, dawa za nini?" Ndugu yangu, paa la nyasi lililokukinga mvua mwaka jana, je, waliezua mwaka huu kwa sababu hukulowa? Dawa hizo ndizo paa. Usiziache ila daktari amekuambia. Wala mgonjwa asifungiwe ndani kama yai. Atembee kidogo kidogo, kila siku azidishe hatua, mpaka arudie kazi kwa kadiri ya daktari.

Lakini bora kuliko matibabu yote ni kujikinga. Kila mtu mzima apimwe presha walau mara moja kwa mwaka. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, naye amepimwa tena na tena, atibiwe, hata kama hasikii maumivu, maana presha haina kelele. Apimwe na sukari. Tumbaku iachwe kabisa, ya sigara na ya kiko, na ugoro vile vile. Chumvi ya siku nzima kwa mtu mmoja isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya mboga. Mafuta yetu ya alizeti ni mema kuliko mafuta ya wanyama, nayo ni sifa ya mkoa wetu. Walakini yakikaangiwa mara nyingi mpaka yakawa meusi huharibika, na hata yakiwa masafi yatumiwe kwa kiasi. Tusiuone aibu ugali wa mtama na uwele, wala mlenda, wala mchicha. Vyakula hivi wengi wameviita vya kimaskini, nao wakavikimbilia vya mjini, wakarudi na matumbo makubwa na moyo mgonjwa.

Mwisho, nawaachia kazi moja, ninyi wenyeji wa kila kijiji. Jumapili hii baada ya ibada, au Ijumaa baada ya sala, au siku ya mkutano wa kijiji, ulizaneni maswali manne. Nani mwenye gari au pikipiki atakayeamshwa usiku bila kununa? Fedha ya mafuta itatoka wapi, na nani ataishika? Aspirini iko nyumba gani? Na hospitali gani iliyo karibu ina mashine ya kupima umeme wa moyo? Iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Singida, ziko hospitali za wilaya, na ziko za misheni kama Makiungu, Itigi na Iambi. Nendeni mkaulize mapema, mkaandike majibu katika karatasi, mkaibandike ukutani mwa ofisi ya kijiji na mwa shule. Swali linaloulizwa wakati wa afya hujibiwa kwa utulivu. Likiulizwa mtu akiwa chini, hujibiwa kwa kilio.

Kumbukeni basi: kubanwa kifua kusikoondoka, jasho la baridi, pumzi fupi. Aketi, atafune aspirini, apelekwe mara moja. Mkiyashika haya tu, nami sikusema bure.